Gego likinyamaza usishangilie: ruti kanali yangu hapa Nakuru, uchungu na bei yake yote

Nimeulizwa sana kuhusu hili gego langu la chini upande wa kushoto nililofanyiwa ruti kanali, yaani kusafishwa ndani mpaka kwa mizizi na kuzibwa badala ya kung'olewa, na kwa sababu mimi niko dukani kwa M-Pesa hapa Free Area kutwa nzima siwezi nikaanza kuhadithia kila mteja huku wengine wanangoja kutoa pesa, basi wacha niandike yote mara moja. Mwenye jino bovu asome, na mwenye hana asome pia, meno hayatoi notisi.

Kwanza ieleweke sisi tuliokulia Nakuru na hizi pande za Njoro, Bahati, Gilgil, meno yetu ni ya kahawia. Ni floraidi ya maji ya visima. Shirika la Afya Duniani linasema floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji, na huku Bonde la Ufa kuna visima vingi vinapita hapo mbali sana, sasa mtoto akinywa hayo maji wakati meno yake bado yanajijenga ndani ya taya yanatoka na madoa ambayo hata upige mswaki mpaka ukutane na mifupa hayatoki. Jino la kahawia si jino lililooza, hilo watu wa Nairobi hawaelewi, wanakuangalia vibaya ukicheka. Lakini pia jino lililooza linaweza kukaa katikati ya hayo ya kahawia na lisionekane. Langu lilikuwa hivyo. Juu lilikuwa zima kabisa, shimo lilikuwa ubavuni, pale gego na gego zinapogusana, mahali mswaki haufiki na kioo hakionyeshi.

Lilianza na soda baridi. Nikimeza tu, linauma sekunde mbili tatu, linaacha. Daktari aliniambia baadaye kwamba hapo bado lilikuwa la kuziba tu, filingi ya elfu tatu hivi, unarudi kazini. Halafu maumivu yakaanza kukawia, soda imeisha na jino bado linapiga, na baadaye ikageuka kabisa: baridi ikawa ndio dawa na chai ya moto ikawa ndio shida. Nilikuwa nalala na chupa ya maji ya baridi kando ya kitanda, nashikilia maji mdomoni upande ule, yakipata joto natema, naweka mengine. Kama uko hapo kwa baridi inatuliza na moto unaumiza, usingoje mwisho wa mwezi, neva ya jino iko karibu kufa. Usiku ndio mbaya zaidi kwa sababu ukilala damu inajaa kichwani na presha ndani ya jino inapanda, na jino ni gumu pande zote, haliwezi kufura, kwa hivyo uchungu wote unabaki hapo ndani.

Dukani kila mtu alikuwa na dawa. Chumvi na maji ya uvuguvugu, hiyo iko sawa, inasaidia ufizi kidogo. Mwarobaini. Kijana mmoja wa boda akasema petroli kwa pamba, huyo nilimfukuza. Mwingine akaniambia nisage aspirini niweke kwa ufizi, hiyo msijaribu jameni, aspirini ni asidi, inachoma ufizi unabaki mweupe na kidonda juu ya shida uliyokuwa nayo. Shosho naye akanitumia karafuu na mtu wa matatu ya Molo. Nacheka lakini shosho hakuwa amekosea sana, mafuta ya karafuu yana kitu kinaitwa yuginoli na madaktari wa meno wenyewe hukitumia, nitafika hapo. Shida ni kwamba karafuu inatuliza juu juu tu, haiingii kule ndani kwa mzizi ambako vita viko.

Halafu usiku mmoja jino likanyamaza. Nililala mpaka saa moja asubuhi, watoto wakachelewa shule. Mzee, bwana yangu, akasema si nilikuambia litaacha lenyewe. Nyumba nzima ikafurahi, nikanunua nyama choma.

Sasa hapa ndio nataka watu wasikie vizuri. Jino kunyamaza baada ya kuuma vile si kupona, ni kufa. Katikati ya jino kuna mfereji una neva na mishipa midogo ya damu, wadudu wakifika hapo wanaua kila kitu, na neva ikishakufa hakuna tena wa kupiga kelele. Wadudu wanaendelea kula kimya kimya, wanatokea kwa ncha ya mzizi na kuingia kwa mfupa wa taya. Wiki kadhaa baadaye nikaona kachunusi kadogo kwa ufizi chini ya lile gego, hakaumi, nikikasukuma na ulimi naonja kitu cha chumvi na kibaya. Huo ni usaha ulikuwa unajitafutia njia. Kalikuwa kanapasuka, kanapona, kanarudi.

Siku kalipokataa kupasuka, shavu lilifura. Niliamka jicho la kushoto limekuwa dogo, wateja wanauliza kama nimepigwa, na mzee wa watu akawa anaaibika hata kunisindikiza stage.

Nikaenda kemisti nikapewa antibayotiki, amoksilini na Flagyl, na dawa ya maumivu. Shavu likashuka. Dozi ikaisha, likatulia kidogo, likarudi vilevile. Kwa nini? Daktari alinieleza kwa lugha ya kazi yangu: dawa husafiri kwa damu, na jino lililokufa halina damu inayoingia, kwa hivyo ni kama kutuma pesa kwa laini iliyofungwa, utatuma mara kumi na haitafika. Antibayotiki inasaidia kule nje ilikofika, kwa mfupa na shavu, lakini kiwanda cha usaha kiko ndani ya jino na hakiguswi. Unanunua muda tu. Na pia ukimeza ovyo ovyo kila ukifura unawafundisha wadudu kuzoea dawa.

Kuna kufura ambako si kwa kemisti wala kwa dentisti wa mtaa, ni kwa emajensi hata kama ni saa nane usiku: uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, ukishindwa kumeza mate, mdomo ukikataa kufunguka, homa kali, au kupumua kukawa kazi. Huo uvimbe unaweza kufunga njia ya hewa. Watu hufa na jino, sio hadithi ya kutisha watoto.

Kliniki ya kwanza niliyoenda sitaitaja jina. Jamaa alimulika na tochi ya simu, akagonga na kijiti cha chuma nikaruka, akasema hili ni la kung'oa, elfu moja mia tano, kaa vizuri tumalize. Bila eksirei. Nilimwuliza kama kuna njia nyingine akaniambia mama, njia nyingine ni ya matajiri. Nilitoka hapo na hasira kushinda uchungu.

Si kwamba kung'oa ni vibaya, wacha nisiwadanganye. Jino likiwa limepasuka mpaka kwa mzizi, au limebaki kipande tu, au linacheza cheza kwa sababu ufizi umekwisha, kung'oa ndio matibabu, na kuna watu pesa haipo na usaha upo, wang'oe tu walale. Lakini uamuzi uje baada ya picha. Na ujue pengo la gego lina gharama yake: majirani huanza kuinama kuelekea pengo, la juu linashuka kutafuta mwenzake, na ukitaka kurudisha baadaye utaambiwa daraja, ambalo linataka yasagwe meno mawili mazima ya kando, ama skrubu ya kuingizwa kwa mfupa ambayo mimi niliambiwa inaanzia laki moja na kitu.

Dentisti wa pili nilipewa na mteja. Kabla ya kitu chochote nikaangalia cheti ukutani, halafu jina lake kwa rejista ya KMPDC, ile baraza ya madaktari, iko kwa mtandao yao, unaona kama mtu amesajiliwa na kama leseni ni ya mwaka huu. Fanyeni hivyo, haichukui muda. Akaniuliza presha, sukari, mimba, dawa ninazomeza, kama kuna dawa hunidhuru. Akapiga eksirei ndogo ya hilo jino, elfu moja, akanigeuzia skrini. Kwa ncha za mizizi kulikuwa na kivuli cheusi, akasema hapo palikuwa na mfupa. Kuona mwenyewe kulinimaliza maswali yote.

Halafu akafanya kitu ambacho yule wa kwanza hakufanya, akaandika bei zote kwa karatasi. Kung'oa, elfu mbili. Ruti kanali ya gego, elfu kumi na tano. Krauni, ile kofia ya kufunika jino baadaye, elfu ishirini ikiwa ya kaure juu ya chuma, elfu kumi na mbili ikiwa ya chuma tupu. Jumla yangu na eksirei za njiani ilikuwa karibu elfu thelathini na nane. Karatasi ilitetemeka mkononi. Lakini afadhali kutetemeka hapo kuliko katikati ya njia, maana kuna mahali utaona wamebandika ruti kanali elfu nane na ukifika ni bila eksirei, bila filingi ya juu, bila krauni. Swali la kuuliza si ruti kanali ni pesa ngapi, uliza mpaka niweze kutafunia hili jino mahindi ya kuchoma itanigharimu ngapi yote. Na kama una bima usiende ukidhania. Tangu bima ya serikali ya SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024 watu wamebaki na yale mawazo ya zamani, piga simu uulize meno wanalipa nini hasa. Za kazini pia, nyingi zina kiwango cha meno kwa mwaka na krauni inaweza kuachwa nje.

Pesa nilikopa chama. Nikasema ni ya jino, mwenyekiti akacheka, halafu akafungua mdomo akanionyesha mapengo yake mawili, akaidhinisha.

Siku yenyewe. Kula kwanza, kula vizuri, kwa sababu ukitoka hapo mdomo haufanyi kazi kwa masaa. Sindano ya ganzi ya gego la chini hupigwa nyuma kabisa, upande wa ndani wa taya, unaskia mdomo wa chini na nusu ya ulimi zinakuwa nzito. Ile hofu yote ya ruti kanali ambayo watu hubeba ni ya hapa, na ukweli ni huu: mahali pana maambukizi pana asidi, na asidi inapunguza nguvu ya ganzi, kwa hivyo sindano ya kwanza inaweza isitoshe. Daktari akaniambia, dada, ukiskia kitu inua mkono, usivumilie. Alipoanza kutoboa nikaskia umeme, nikainua mkono, akasimama, akaongeza ganzi pande mbili, tukangoja, na baada ya hapo sikuskia uchungu tena, ni mtetemo tu na taya kuchoka. Msijifanye mashujaa kwa kiti cha dentisti, hakuna mtu anatoa medali.

Aliweka kishuka cha mpira juu ya mdomo, jino peke yake linachungulia kwa tundu. Kinaudhi, unaona hutapumua, lakini pua iko wazi. Kazi yake ni kuzuia mate yasiingie kwa jino, kwa sababu mate yamejaa wadudu na hapo unasafisha, na pia visindano vya kusafishia na dawa visikudondokee kooni. Ukikuta mtu anafanya ruti kanali bila hicho kishuka una haki ya kuuliza kwa nini.

Alipofika ndani usaha ulitoka, harufu niliskia hata mimi mwenye jino. Na hapo hapo ule mkazo niliokuwa nimezoea kwa shavu ukaachilia, nilitoa machozi, sio ya uchungu. Halafu ikaanza kazi ya visindano, vyembamba sana, kila kimoja na kipete kidogo cha mpira cha kupimia urefu. Anaingiza, anazungusha, anatoa, anaosha. Kuna mashine ndogo inapiga bipu akikaribia ncha ya mzizi ili asipite akatoboa nje. Gego kama langu kwa kawaida lina mifereji mitatu, miwili mbele mmoja nyuma, lakini wengine wana wa nne, na mfereji ukisahaulika ndani ndio ruti kanali nyingi hufeli miaka baadaye, kwa hivyo alichukua muda kutafuta na miwani yake ya kukuza na mimi nikaacha kuhesabu dakika. Harufu ya Jik ilikuwa imejaa, nikadhani ni msafishaji anapiga deki, kumbe ni dawa ya kuoshea mifereji, ni kemikali ileile ya kwa Jik, inaua wadudu na kuyeyusha nyama iliyokufa. Hiyo ndio sababu nyingine ya kishuka.

Mwisho akaweka dawa nyeupe ya jamii ya chokaa ndani ya mifereji, akaziba juu na filingi ya muda. Ladha ya karafuu mdomo mzima! Yuginoli. Nilimpigia shosho simu jioni kumwambia, hakushangaa.

Hapa ndio kuna kimya cha pili, na kinawapata wengi. Kwa siku chache utaskia kidonda ukiuma kitu, mimi nilimeza ibuprofeni na panadol baada ya kula, kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo, pumu au mimba uliza kabla ya ibuprofeni. Halafu kunatulia kabisa. Shavu limerudi kawaida, unalala, unauza, na tarehe ya kurudi inafika ukiwa na kodi ya nyumba. Mama mboga wa hapa jirani aliachia hapo. Filingi ya muda ni ya wiki chache tu, yake ikaisha polepole, mate yakaingia, wadudu wakarudi kwa nyumba iliyosafishwa, na siku moja akiuma njugu jino likagawanyika pande mbili. Liling'olewa. Pesa ya ruti kanali ilienda, ya kung'oa ikaja juu yake.

Mimi nilirudi. Ziara hiyo ilikuwa rahisi, akaosha tena, akakausha na vijikaratasi, akajaza mifereji na vijiti vya rangi ya waridi vinavyoitwa guta pecha, ni utomvu wa mti wa huko Malaysia. Karne ya kumi na tisa walifunikia nyaya za telegrafu za chini ya bahari na kitu hichohicho, mimi mtu wa mtandao hilo lilinifurahisha sana. Eksirei nyingine kuhakikisha imejaa mpaka ncha, filingi ya kudumu juu, nenda.

Na kimya cha tatu ni kabla ya krauni. Jino halina neva, haliumi kamwe, sasa elfu ishirini ya nini? Ya hivi: gego limetobolewa katikati na sehemu iliyooza imetolewa, zimebaki kuta, na gego ndilo linabeba nguvu yote ya kutafuna. Kuta zikipasuka kuelekea chini hakuna wa kuziunganisha. Meno ya mbele mengine yanaweza kuponea filingi tu, gego mara nyingi hapana.

Siku ya krauni alilisaga jino pande zote, akachukua umbo na kitu laini kinachogandia mdomoni, halafu akaleta kibao cha rangi, vimeno vidogo vimepangwa kutoka weupe mpaka manjano. Akakiweka karibu na meno yangu. Akatoa kimoja, akarudisha, akatoa kingine. Akaniangalia, nikamwangalia. Hakukuwa na rangi ya Nakuru. Tulicheka mpaka msaidizi akaja kuangalia kuna nini. Akapiga picha meno ya kando akatumia fundi wa maabara, akamwandikia apake madoa ya kahawia kwa mkono kabla ya kuchoma kaure, na krauni iliporudi ilikuwa na kadoa kake kwa ubavu, ukiniambia nikuonyeshe ni lipi lazima nitumie ulimi kulitafuta. Kama nyuma hakuonekani na pesa ni kidogo, chukua ya chuma, inakaa miaka mingi na hakuna anayeingia huko kuangalia.

Krauni haiozi lakini jino lililo chini yake linaoza, pale pembeni kwa ufizi, kwa hivyo uzi wa meno ni lazima. Omba eksirei zako utumiwe kwa simu, utazihitaji ukienda kwa mwingine. Na rudi kwa picha baada ya miezi sita au mwaka kuona kama kile kivuli kinajaa mfupa. Changu kimepungua, hakijaisha, daktari anasema ni kawaida mfupa kuchukua muda. Pia si kila ruti kanali hufaulu, zingine hurudiwa, hilo aliniambia kabla ya kuchukua pesa na nilimheshimu kwa hilo.

Kitu cha mwisho ni cha wazazi. Hili gego langu ndilo la kwanza la utu uzima, huota mtoto akiwa na karibu miaka 6, nyuma kabisa, na haling'oi jino lolote la utotoni, linatokea tu mahali palipokuwa wazi. Wazazi wengi tunadhani ni la kubadilishwa, likioza tunasema litang'oka. Halibadilishwi. Wangu wa darasa la pili nilimpeleka, mashimo hakuna, lakini mistari iliyo kwa uso wa magego ina kina na chakula kinakwama, wakasema wanaweza kuipaka utando wa kuziba kabla haijaoza, elfu mbili kila gego, bila sindano. Nikalipia mawili ya chini, ya juu bado hayajatoka yote, tutarudi likizo ya Agosti.